UZI: Kuzuiliwa na uhamiaji Uingereza: nani anakagua, unalalamika wapi, na kwa nini malalamiko mengi hufia njiani

#1 Karani_wa_Zamu (mleta uzi)

Wakuu, swali hili linajirudia kila wiki kwenye magrupu ya Waswahili wa Uingereza. Mtu kaenda kuripoti kama kawaida, kashikwa, kapelekwa kituo cha kuzuilia cha Heathrow au Gatwick. Huko kasukumwa, kanyimwa dawa, au kafungiwa chumba cha peke yake. Alalamike wapi? Jibu huwa "tafuta wakili", uzi unafungwa. Wakili ni lazima, sikatai, lakini kuna milango mingine kadhaa na kila mlango una kazi yake. Ukibisha usio wako, wiki tatu zinapotea ndipo uambiwe "hili si letu".

Kwanza kabisa tutenganishe maswali mawili ambayo watu huyachanganya:

a) Kwa nini nimezuiliwa, na nitatoka lini?
b) Kwa nini natendewa hivi humu ndani?

Swali (a) ni la dhamana na mahakama. Uingereza haina kikomo cha siku kisheria, ila mahakama imeweka masharti tangu kesi ya Hardial Singh ya 1984: uzuiliwe kwa ajili ya kuondolewa nchini tu, kwa muda unaoeleweka, Wizara ya Mambo ya Ndani ifanye kazi yake bila kuzembea, na ikishaonekana safari haitawezekana ndani ya muda huo, uachiwe. Kila anayezuiliwa hupewa karatasi ya sababu (IS91R) na kila mwezi taarifa ya maandishi ya kwa nini bado yumo. Tunza hizo karatasi kuliko nguo.

Swali (b) ndilo la uzi huu. Sheria yake ni Kanuni za Vituo vya Kuzuilia za 2001. Haki ya kulalamika iko Kanuni ya 38.

Mlango wa kwanza ni fomu inaitwa DCF9. Inatakiwa iwe mahali pa wazi, mtu aichukue bila kumwomba ofisa. Ukishajaza unaitumbukiza kwenye sanduku la malalamiko. Hapa wengi hawajui: sanduku hilo linafunguliwa na watu wa Wizara, si wa kampuni inayoendesha kituo (Gatwick ni Serco tangu 2020, Heathrow ni Mitie). Kwa hiyo ofisa akikwambia "nipe mimi nitapeleka", mshukuru kisha katumbukize mwenyewe.

Muda wa kujibiwa: malalamiko ya huduma (chakula, mizigo kupotea, baridi, simu) na ya utovu mdogo wa nidhamu ni siku 20 za kazi. Utovu mkubwa, yaani kupigwa, matusi ya rangi, unyanyasaji wa kingono, unapelekwa kitengo cha maadili cha Wizara na muda ni wiki 12.

Usiporidhika na jibu, ndani ya miezi 3 tangu ulipate unakwenda kwa Ombudsmani wa Magereza na Uangalizi (mchunguzi huru wa malalamiko). Huyu hapokei kesi ambayo haijapita ngazi ya kwanza. Ukimwandikia moja kwa moja atakurudisha.

#2 mpwa_wa_Pangani

Mkuu hapo kwenye sanduku umenifungua macho. Nakaa hapa.

#3 Wakala_Mstaafu

Ahsante mleta uzi. Naongezea mipaka, maana ndipo watu wanapokwama.

Ombudsmani haangalii uamuzi wa kukuzuilia wala uamuzi wa kitabibu wa daktari. Malalamiko ya zahanati yanakwenda kwa mtoa huduma ya afya anayelipwa na NHS (huduma ya afya ya umma), kisha kwa Ombudsmani wa Bunge na Huduma za Afya. Muda wa kulalamikia NHS ni miezi 12.

Malalamiko kuhusu faili lako Wizarani (limekaa mwaka halijaguswa, barua imepelekwa anwani ya zamani) yanakwenda Wizarani, kisha kwa huyohuyo Ombudsmani wa Bunge, lakini upande huu lazima yapitie kwa mbunge. Mbunge wa kwenu au wa eneo la kituo.

Kwa hiyo tukio moja linaweza kuwa karatasi tatu. Mfano: mtu kavutwa na maofisa, mkono ukateguka, muuguzi akampa panadoli na kumrudisha bwenini, huku Wizara haijajibu ombi lake la hifadhi kwa miezi minane. Kuvutwa ni DCF9. Panadoli ni zahanati. Miezi minane ni Wizara na mbunge. Ukiyaandika yote kwenye fomu moja, atakayeifungua atajibu lile jepesi na kufunga jalada.

#4 Bi_Mkubwa_Leicester

Na ile IMB inayotajwatajwa ni nini hasa? Ni polisi?

#5 Wakala_Mstaafu

Hapana dada. IMB ni Bodi Huru ya Ufuatiliaji. Ni raia wa kawaida wanaojitolea bila mshahara, mwalimu mstaafu, mhasibu, yeyote, wanateuliwa na waziri. Kila kituo kina bodi yake. Kwenye Kanuni za 2001 wanaitwa kamati ya wageni, ndiyo maana ukisoma kanuni huoni neno IMB.

Nguvu yao iko kwenye funguo. Mjumbe anaingia kituoni saa yoyote, sehemu yoyote, anasoma kumbukumbu za kituo, na anaweza kuzungumza na aliyezuiliwa pasipo ofisa kuona wala kusikia. Kuna sanduku lao pia ndani. Hawana mamlaka ya kumwachia mtu, wala kumfukuza ofisa kazi, wala kukupa fidia. Wanachoweza ni kumwendea meneja siku hiyohiyo na kuuliza "kwa nini huyu hana godoro?", na meneja hujua litaingia kwenye ripoti ya mwaka.

Wakati mwingine wanapanda juu zaidi. Oktoba 2020 bodi ya Brook House, kituo kimojawapo pale Gatwick, ilimwandikia waziri rasmi kwamba hali kituoni, wakati ule watu wakisombwa kwa ndege za kukodi mfululizo, ilikuwa si ya kiutu kwa wote waliozuiliwa mle. Si kawaida bodi ya watu wa kujitolea kutumia lugha hiyo.

Tumia IMB kwa jambo linaloendelea sasa hivi. Tumia DCF9 kwa jambo lililokwishatokea. Ukipenda fanya yote mawili, hayagongani.

#6 Karani_wa_Zamu

Nakazia. Na hapa kuna Kanuni ya 40 na ya 42, chumba cha upweke.

Kanuni ya 40 ni kukutenga na wenzako kwa ajili ya usalama. Ikizidi saa 24 lazima kibali kitoke Wizarani, na mwisho ni siku 14. Kanuni ya 42 ni kukufungia kwa muda kwa sababu ya fujo au ukaidi. Ikizidi saa 24 inahitaji amri ya maandishi, na mwisho ni siku 3. Kwa zote mbili IMB, daktari na msimamizi wa mambo ya dini wanatakiwa wajulishwe bila kuchelewa.

Kosa linalotokea: mtu anatengwa saa 23, anarudishwa bwenini, jioni anatengwa tena. Kwenye daftari ni vipande viwili, hakuna kilichofika 24. Ukimwandikia IMB, andika saa uliyoingia na saa uliyotoka kila mara. Mjumbe atalinganisha na daftari. Bila saa, ni neno lako dhidi ya jedwali lao.

#7 Mtazamaji_Baridi

Wakuu, sitaki kuwavunja moyo, ila hayo yote yalikuwepo Brook House 2017. IMB ilikuwepo. Mkaguzi Mkuu wa Magereza alipita mwishoni mwa 2016 na kituo kikapata alama nzuri kwa kiasi. Masanduku yalikuwepo. Ofisa mmoja akaingia na kamera ya siri ya BBC, kipindi kikarushwa Septemba 4, 2017, ndipo dunia ikajua.

Uchunguzi wa umma ulioongozwa na Kate Eves ukatoa ripoti Septemba 19, 2023. Ulitazama miezi mitano tu, Aprili hadi Agosti 2017, na ndani yake ukakuta matukio 19 yenye ushahidi wa kuaminika wa kuvunja Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, yaani utesaji au unyama na udhalilishaji. Mapendekezo 33. Mojawapo ni kikomo cha siku 28, serikali ikakikataa.

Sasa niambieni, hilo sanduku lenu lilisaidia nini?

#8 Wakala_Mstaafu

Swali la haki kabisa, na jibu lake limo kwenye ripoti hiyohiyo. Soma tukio la Aprili 25, 2017, mtu aliyekuwa katika hali ya kujidhuru akakabwa shingoni na ofisa. Haikuandikwa ripoti ya matumizi ya nguvu. Kwenye makaratasi, siku ile hakuna nguvu iliyotumika. Mkaguzi anayekuja na kuomba "nipeni ripoti zote za matumizi ya nguvu za mwezi Aprili" atapewa rundo, na tukio baya kuliko yote halimo.

Ukaguzi unaona kilichoandikwa na anachothubutu kusema aliyemo. Aliyemo anaogopa kwamba akilalamika kesi yake itaharibika au atapandishwa ndege upesi. Walioandika ni maofisa. Kwa hiyo karatasi pekee isiyotoka mkononi mwao ni ya huyo aliyezuiliwa. Haikuzuia ukatili wa 2017, nakubali. Lakini mtu anapokwenda mahakamani miaka miwili baadaye, fomu yenye tarehe ya wiki ileile ina uzito kuliko kumbukumbu.

#9 Mtazamaji_Baridi

Hapo sawa. Ila ombudsmani na mkaguzi wanapendekeza tu. Ombudsmani hata sheria ya Bunge ya kumsimamisha hana.

#10 Karani_wa_Zamu

Kweli, wanapendekeza tu. Mwaka 2024 Mkaguzi Mkuu Charlie Taylor alikagua Harmondsworth, pale Heathrow, akasema ni hali mbaya kuliko zote alizowahi kuona kwenye vituo vya uhamiaji. Hakuwa na uwezo wa kukifunga.

Lakini kuna jino moja mnalisahau. Maofisa wa vituo hawawi maofisa kwa kuajiriwa na kampuni tu. Wanahitaji cheti cha Wizara chini ya Sheria ya Uhamiaji na Hifadhi ya 1999, na Wizara inaweza kukisimamisha au kukifuta. Malalamiko ya utovu mkubwa yakithibitishwa, kinachoguswa ni hicho cheti. Ndiyo maana inafaa uandike jina au namba ya ofisa, si "yule mrefu".

#11 KalamuNyekundu

Basi tuandike fomu yenyewe, maana nadharia imetosha. Hivi ndivyo nyingi zinavyoandikwa:

> "Maofisa wa hapa ni wabaguzi, wananitesa kila siku, hawanipi dawa, mimi ni mgonjwa, nataka haki yangu."

Jibu litakuja: hakuna maelezo ya kutosha, halikuthibitika. Sasa ione hii:

> "Jumanne tarehe 11, kati ya saa 2:10 na 2:30 usiku, nje ya chumba changu ghorofa ya pili. Maofisa wawili. Mmoja namba yake inaishia 47, mwingine mwanamke, sikuona namba. Yule wa 47 alinishika mkono wa kushoto, akaukunja mgongoni, akanisukuma ukutani. Nilikuwa nimesimama, sikumgusa. Kamera ya CCTV iko juu ya mlango wa ngazi. Wa 47 alikuwa na kamera kifuani. Wenzangu wawili wa vyumba vya jirani waliona. Nilikwenda zahanati asubuhi saa 3, muuguzi aliandika uvimbe. Naomba picha za CCTV na za kamera ya kifuani zihifadhiwe."

Sentensi ya mwisho ndiyo roho ya barua. Picha hufutwa muda wake ukifika, na jibu la wiki 12 linaweza kukukuta zimeshapita. Kuomba zihifadhiwe hakukupi nakala, kunawazuia tu kusema baadaye hawakujua. Nakala unaiomba kwa njia ya pili, ombi la taarifa zako binafsi, ambalo linatakiwa kujibiwa ndani ya mwezi 1 na linaweza kusogezwa miezi 2 zaidi.

Angalizo la saa: hiyo "saa 2:10 usiku" kwa Mwingereza ni 20:10. Mkiandika Kiswahili wekeni na saa ya kizungu pembeni. Kuna malalamiko yanakataliwa kwa sababu mpelelezi alikwenda kuangalia kamera ya saa nane usiku akakuta korido tupu.

#12 mpwa_wa_Pangani

Hahaha hiyo ya saa ni kweli tupu. Kumbe inaruhusiwa kuandika Kiswahili?

#13 KalamuNyekundu

Inaruhusiwa, kutafsiri ni mzigo wao. Usimzuie mtu kulalamika kwa sababu Kiingereza hakipandi. Na usisahau kubaki na nakala. Simu janja haziruhusiwi ndani, mtu hupewa kitochi kisicho na kamera, kwa hiyo hawezi kupiga picha fomu. Aombe fotokopi maktaba, au ainakili kwa mkono neno kwa neno kabla ya kuitumbukiza, na ampigie mtu wa nje amsomee. Wa nje aandike tarehe na saa aliyosomewa.

#14 Mkalimani_wa_Usiku

Kwenye lugha naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo Kanuni ya 35 inapoharibika.

Kanuni ya 34: ndani ya saa 24 tangu kuingia, mtu ana haki ya kupimwa mwili na akili na daktari, kwa hiari yake. Kanuni ya 35 inamlazimisha daktari kutoa taarifa kwa mambo matatu: (1) afya inayoelekea kuumizwa na kuendelea kuzuiliwa, (2) shaka ya nia ya kujiua, (3) wasiwasi kwamba mtu aliteswa. Wizara inatakiwa ijibu ndani ya siku 2 za kazi kama inaendelea kumzuilia au la. Kwa aliyeteswa, hii ndiyo karatasi inayofungua mlango haraka kuliko zote.

Sasa sikiliza. Mwanamke kutoka Kivu anamwambia daktari kwa simu ya mkalimani: "Walinisumbua sana, siku tatu." Mkalimani aliyezoea Kiswahili cha Dar anatafsiri kwamba walimkera. Daktari anaandika: alipata usumbufu. Wakati mama wa watu, kwa staha, anasema alibakwa. Vivyo hivyo "walinifanyia mabaya", "waliniharibu", "walinichezea". Hayo ni maneno ya stara, hayatafsiriki neno kwa neno.

Ushauri: aombe daktari na mkalimani wa jinsia anayotaka, aseme anatoka wapi ili apate mkalimani wa Kiswahili cha huko, na mkalimani akikutana na neno la stara aombe ruhusa ya kuuliza maana yake badala ya kukisia. Asitafsiriwe na mfungwa mwenzake, hata kama ni mtu wa kwao. Hasa kama ni mtu wa kwao.

Vitu vingine vya kuangalia kwenye karatasi ikitoka: iwe imesainiwa na daktari, si muuguzi, makovu yawe yamechorwa kwenye mchoro wa mwili, na iseme kuendelea kuzuiliwa kutamfanya nini. Daktari akiandika tu "yuko imara kwa sasa", Wizara itakubali kuwa kuna ushahidi wa kuteswa kisha iseme sababu za uhamiaji zina uzito zaidi, na ibaki naye. Mtu anaweza kurudi kwa daktari kuomba taarifa nyingine hali ikibadilika, na wakili anaweza kuomba shirika kama Medical Justice litume daktari wa kujitegemea.

#15 Bi_Mkubwa_Leicester

Mungu akubariki kwa hilo. Je, mjamzito?

#16 Karani_wa_Zamu

Mjamzito kikomo chake kipo kisheria tangu 2016: saa 72, na kwa idhini ya waziri mpaka siku 7. Ajitaje mapema, akisema tu apimwe.

#17 Sauti_ya_Nyali

Swali kutoka Mombasa. Mtu kamaliza kifungo cha jela Uingereza, lakini hajatolewa, anaambiwa sasa ni wa uhamiaji na anabaki jela ileile. Hizi DCF9 zinamhusu?

#18 Wakala_Mstaafu

Hazimhusu, na ndiye anayesahaulika kuliko wote. Akiwa jela anafuata taratibu za jela: fomu COMP1, jibu siku 5 za kazi, hakuridhika, COMP1A ndani ya siku 7, jambo la siri au linalomhusu ofisa, COMP2 kwenye bahasha iliyofungwa. Baada ya hapo Ombudsmani yuleyule, miezi 3 ileile. IMB ipo jela pia.

Anachokosa ni Kanuni ya 35, haifiki jela. Kama aliteswa kwao, wakili ndiye atakayetafuta ushahidi wa daktari. Na dhamana: wa kituoni kesi yake hupelekwa mahakama ya dhamana yenyewe kila ikitimia miezi 4, lakini wanaosubiri kufukuzwa kwa makosa ya jinai hawamo. Huyo lazima aombe mwenyewe, fomu B1.

Wa vituoni wote wana dakika 30 za bure na wakili wa zamu, bila kuangaliwa mfukoni. Jina linaandikishwa ndani. Dakika 30 ni chache, aingie na IS91R, taarifa ya mwezi na nakala za DCF9 mkononi, asianze kusimulia toka Kariakoo.

#19 Sauti_ya_Nyali

Shukran. Ubalozi je? Na huku kwetu, nani anawakagua Waethiopia wanaojaa mahabusu kwa kupita njia?

#20 Karani_wa_Zamu

Ubalozi: Mkataba wa Vienna wa 1963, Kifungu cha 36, unampa haki ya kuwasiliana na balozi wake akitaka yeye. Aliyeomba hifadhi kwa kuikimbia serikali yake asikubali ubalozi ujulishwe kabla hajaongea na wakili.

Huku kwetu linastahili uzi wake. Kwa kifupi, Uingereza imejifunga na Itifaki ya Hiari ya Mkataba Dhidi ya Utesaji, ndiyo inayodai kila nchi iwe na chombo huru cha kukagua sehemu zote za kuzuilia. Mkaguzi Mkuu na IMB wamo kwenye mtandao huo ulioanzishwa 2009. Kwetu, Kongo, Burundi na Rwanda zimejiunga na itifaki. Tanzania hata mkataba wenyewe haijaridhia, kwa hiyo anayeweza kuingia magerezani kukagua na kupokea malalamiko ni Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora.

#21 mpwa_wa_Pangani

La mwisho wakuu. Mtu kalalamika, siku ya kumi kadipotiwa. Yamekwisha?

#22 KalamuNyekundu

Hayajaisha, ila huwa yanakufa kwa sababu jibu linatumwa kituoni na yeye yuko Tanga.

Muda unaohesabika: kupinga uamuzi kwa mapitio ya mahakama ni upesi, na isizidi miezi 3. Dai chini ya Sheria ya Haki za Binadamu, mwaka 1. Dai la kuzuiliwa kinyume cha sheria, miaka 6. Yote yanaweza kuendeshwa na wakili mteja akiwa nje ya nchi.

Kinachotakiwa ni barua ya idhini, isainiwe kabla ya kupanda ndege. Nusu ukurasa: jina kamili kama lilivyo kwenye karatasi za Wizara, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kumbukumbu ya Wizara, namba ya malalamiko kama imeshatoka, kisha: "Namruhusu fulani kupokea majibu, rekodi za afya na picha za kamera kwa niaba yangu, na kuendeleza malalamiko haya hata nikiwa nje ya Uingereza." Saini, tarehe, baruapepe inayofanya kazi. Rekodi za afya zitajwe kwa jina, zisipotajwa zahanati itagoma kuzitoa. Nakala moja kwa wakili, moja kwa anayeruhusiwa, moja abaki nayo mwenyewe mfukoni, si kwenye begi, maana begi ndilo linalopotea.